Tulijifanya Madaktari Chumbani Kwetu

Tumekaa na habari hii kwa muda mrefu kabla ya kuamua kuiandika. Mmoja wetu ni muuguzi mwenye stashahada na miaka zaidi ya 20 ya kazi ya wodini. Mwingine ni fundi wa injini za boti hapa Mbegani. Watu wa namna hii wakikosea jambo la afya nyumbani mwao, huona haya kulisema. Lakini akina mama wa kikundi chetu cha kanisani, ambao huenda pamoja kuwatazama wagonjwa, walituambia kwamba yaliyotupata sisi yanaweza kuwapata wengine, na kwamba aibu yetu ikikaa kabatini haimsaidii mtu. Basi tunawasimulia kama yalivyokuwa.

KUKOROMA KULIKOTUCHEKESHA

Kwa miaka mingi kukoroma kwa baba watoto kulikuwa kichekesho cha nyumba. Watoto walimwita "boti ya alfajiri". Wageni waliolala chumba cha pili waliuliza asubuhi kama injini imeletwa kutengenezewa ndani. Hatukuona ubaya wowote. Mwanamume anayekoroma husemwa kuwa amechoka kwa kazi, na aliyechoka kwa kazi husifiwa.

Kilichotutia hofu hatimaye hakikuwa kelele, bali kimya. Katikati ya mkoromo sauti ingekatika ghafla. Kifua kilipanda na kushuka, lakini hewa haikupita. Kisha angegutuka kwa kishindo, kama mtu aliyekaa chini ya maji na sasa ameibuka. Usiku mmoja mwaka 2021 tulichukua ile saa ya kubandika kifuani inayotumika wodini, tukahesabu. Kimya kimoja kilikuwa cha sekunde 20, kingine 35. Katika nusu saa tulihesabu vimya 19. Aliyekuwa amelala hakujua lolote; aliyekuwa macho hakupata usingizi tena hadi wavuvi walipoanza kupita kwenda pwani.

Mchana nao ulikuwa na yake. Kanisani alisinzia kabla mahubiri hayajafika katikati. Usiku aliamka kukojoa mara tatu au nne. Asubuhi kichwa kilimuuma. Presha yake haikushuka ingawa alimeza dawa za aina tatu kwa uaminifu. Majirani walisema ni jinamizi linamkalia kifuani, wakashauri vitu vya kuweka chini ya mto. Wengine, kwa wema wao, walisema ni uvivu wa kiroho. Tuliomba, na hata leo tunaomba. Lakini koo linaloziba lina sababu zake, na sababu hizo zinajulikana.

Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka Dar es Salaam na vipuri, sote wawili ndani ya gari. Tulipofika Mapinga, mwenye kushika usukani alilala macho yakiwa nusu wazi. Magurudumu yaliingia kwenye changarawe pembeni ya lami, na honi ya bodaboda ndiyo iliyotuokoa. Tulisimama chini ya mwembe kwa saa nzima. Hakuna aliyesema neno.

UGONJWA WENYEWE

Ndugu msomaji, tueleze kwa ufupi. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa wengine, hasa wenye shingo nene, unene wa mwili, taya dogo au mafindofindo makubwa, njia ya hewa hujifunga kabisa au kubaki nyembamba sana. Oksijeni katika damu hupungua. Ubongo hushtuka na kumgutua mgonjwa kidogo tu, kiasi cha kufungua koo, kisha analala tena, na mambo huanza upya. Madaktari huhesabu kila kukatika kwa pumzi kunakofika sekunde 10 au zaidi. Kukiwa mara 5 au zaidi kwa saa, ugonjwa huwa umeanza. Kuanzia mara 15 ni wa kadiri, na kuanzia mara 30 ni mkali. Kila mara moyo hupigishwa mbio na mishipa hubanwa. Ndiyo maana wagonjwa wengi wana presha isiyosikia dawa, na hatari ya kiharusi na ugonjwa wa moyo huongezeka.

Tiba inayotumika sana ni mashine inayosukuma hewa ya kawaida kupitia mpira hadi kwenye barakoa iliyovaliwa puani, ili hewa hiyo ishikilie koo lisijifunge. Madaktari huiita sipapu, kwa herufi za kwanza za jina lake la Kiingereza. Daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, pamoja na wenzake walitangaza tiba hiyo mwaka 1981 katika jarida la Lancet. Kabla ya hapo, wagonjwa walio katika hali mbaya walitobolewa koo ili wapate kupumua usiku.

Haya yote mmoja wetu aliyajua. Na kujua nusu ndiko kulikotuponza.

BARUA ILIYOLALA KABATINI

Baada ya ile siku ya Mapinga, daktari wa kliniki ya presha alituandikia barua ya rufaa kwenda kwa bingwa wa masikio, pua na koo Dar es Salaam. Tuliipokea kwa mikono miwili, tukaiweka kabatini chini ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mwezi ule kulikuwa na ada ya shule. Mwezi uliofuata kulikuwa na msiba. Mwezi wa tatu tulisema barabara ni mbovu kwa mvua, ingawa lami haikuwa na neno. Ukweli ni kwamba mmoja wetu aliogopa kuambiwa aache kuendesha gari, na mwingine aliona haya kupanga foleni kama mgonjwa mbele ya wauguzi wenzake.

Aprili 2022 mdogo wake baba watoto alikuja likizo kutoka Marekani. Ndani ya sanduku lake, katikati ya viatu vya watoto, kulikuwa na mashine ya sipapu. Ilikuwa ya mzee mmoja wa kanisani kwao aliyefariki, na familia yake ilikuwa imeigawa kwa moyo mzuri. Shemeji alituambia, "Shemeji, wewe ni nesi, utajua cha kufanya."

Naam, tulijua cha kufanya. Tulisoma kitabu chake kidogo cha maelezo kwa jioni mbili. Tulitazama nyaya, na fundi wetu akathibitisha kwamba inakubali umeme wetu wa volti 230. Tuliosha barakoa na mpira kwa sabuni laini, tukavianika kivulini. Kioo cha mashine kilionyesha namba 14. Msukumo wa hewa hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi za nyumbani huweza kuanzia 4 hadi 20. Tulisema, hii 14 iko ndani ya mipaka, basi iacheni. Hatukujiuliza ile 14 ilipimwa kwa koo la nani.

WIKI TATU

Usiku wa kwanza tulilia kwa furaha. Hakukuwa na mkoromo wala kimya, ila mvumo mdogo kama wa feni. Asubuhi alisema, "Mama watoto, kumbe watu hulala hivi?" Tuliimba jikoni.

Lakini furaha haikudumu. Siku ya nne tumbo lilianza kujaa hewa, akawa anabeua hadi mchana. Mdomo ulifunguka usiku, hewa ikatokea huko, koo likakauka kama karatasi. Tukatafuta dawa yetu wenyewe: tulichukua kipande cha kanga, tukamfunga kidevu hadi utosini ili mdomo usifunguke. Msomaji, mmoja wetu amewafunga kidevu namna ile ile watu wengi wodini, na hao wote walikuwa wameshafariki. Mikono yetu ilikuwa inaifahamu kazi hiyo, wala haikutushtua.

Tena barakoa ilikuwa inatoa sauti ya kupenya hewa mbele ya pua. Tulitazama tukaona vitundu vidogo vidogo. Tulidhani ni uchakavu, kwamba barakoa ya marehemu imetoboka na hewa inapotea bure. Tulibandika plasta ya vidonda juu yake, sauti ikakoma, tukasifiana kwa ufundi.

Kumbe vitundu vile viliwekwa na walioitengeneza. Mashine ya namna hii ina mpira mmoja tu unaoleta hewa. Hewa chafu ambayo mgonjwa anaitoa haina njia nyingine ya kutokea ila hapo. Ukiviziba, mgonjwa anavuta tena pumzi aliyokwisha kuitoa. Maumivu ya kichwa ya asubuhi yalirudi, makali kuliko ya awali. Sisi tukasema ni presha, tukampa panadol.

Usiku wa 22 alikuwa na mafua. Tulimpa dawa ya kikohozi, ile inayoleta usingizi, tukiwa na nia njema. Saa nane usiku umeme ulikatika. Aliyekuwa macho nusu alisikia mvumo unakoma, akageuka upande wa pili. Hapa kwetu umeme hukatika, watu huendelea kulala. Ila dakika chache baadaye palikuwa na sauti ya kuhema kwa kasi, nzito, iliyozibwa.

Tuliwasha taa ya simu. Uso wake ulikuwa mwekundu na umelowa jasho. Mpira uliolala kifuani haukuwa ukileta hewa, vitundu vimezibwa kwa plasta yetu, mdomo umefungwa kwa kanga yetu, na dawa yetu ilikuwa imemzuia kuamka. Kila kitu kilichokuwa usoni pake tulikiweka sisi. Tulinyofoa barakoa kwa nguvu hadi mkanda ukakatika, tukafungua fundo, tukamketisha na kufungua dirisha. Alitutazama kama mtu asiyetujua. Alijibu maneno yasiyoeleweka kwa dakika kadhaa. Kisha alivuta pumzi ndefu, akauliza kwa nini tunalia.

Tulikaa kitandani hadi kulipokucha, upepo wa bahari ukipita dirishani. Saa kumi na mbili tulifungua kabati na kuitoa ile barua. Ilikuwa na umri wa miezi tisa.

MBELE YA DAKTARI

Tulipanda gari la abiria asubuhi ile ile, Zinga, Kerege, Mapinga hadi Bunju na kuendelea mjini, mashine ikiwa mapajani ndani ya kikapu. Tulijiandaa kukaripiwa. Daktari, mama wa makamo, aliiangalia plasta kwenye barakoa kwa muda. Kisha akauliza, "Sista, wodini kwako ungemchoma mgonjwa wa kitanda cha tatu insulini iliyopimwa kwa mgonjwa wa kitanda cha saba?"

"Hapana, daktari."

"Basi na hewa hii nayo ni dawa. Ina dozi."

Hakuongeza lawama nyingine. Alipima shingo, akaangalia koo na pua, akasikiliza mapafu na moyo, akauliza dawa zote hata zile za dukani. Alitueleza kwamba si kila pumzi inayokatika usingizini inatokana na koo kuziba. Wako ambao ubongo wenyewe huacha kutoa amri ya kupumua, hasa baadhi ya wagonjwa wa moyo. Wako wenye ugonjwa wa mapafu, au wanene sana ambao hewa chafu hujaa katika damu hata mchana; hao huhitaji vipimo zaidi na pengine mashine ya namna nyingine. Wako pia ambao mashine hii haiwafai kwa wakati fulani, kama mtu ambaye pafu lake limetoboka na kuvujisha hewa kifuani, au aliyeumia vibaya usoni au kichwani. "Ninyi mlibahatisha," alisema. "Mlipata ugonjwa sahihi na mashine sahihi, mkakosea mengine yote."

Alilala usiku mmoja na kipimo cha kubeba nyumbani: mkanda kifuani, mpira mdogo puani, na kibanio kidoleni cha kupima oksijeni. Majibu yalisema pumzi ilikatika au kupungua mara 41 kwa saa, na oksijeni ilishuka hadi asilimia 76. Baada ya mashine kurekebishwa na kufuatiliwa, ilionekana kwamba msukumo wa 9 unamtosha. Zile 14 ndizo zilizomjaza tumbo upepo. Alipewa barakoa mpya inayolingana na uso wake. Pua iliyoziba ilitibiwa, na mdomo ukafungika wenyewe bila kanga.

Presha haikuisha, bado anameza dawa, ingawa sasa inatulia, na daktari amepunguza aina moja. Hajasinzia kwenye usukani tena. Kanisani anasikiliza mahubiri hadi mwisho, na tukifika nyumbani anayabishia.

TUNAYOWAOMBA

Akina mama wapendwa, ninyi ndio mnaolala macho mkisikiliza. Mkisikia mkoromo unaokatika na kimya kinachofuatwa na kugutuka, hesabuni, andikeni, mpelekeeni daktari hesabu hiyo. Karatasi yetu ya vimya 19 ilimsaidia daktari.

Tena msidhani ni ugonjwa wa baba peke yake. Wanawake huupata, zaidi baada ya kukoma hedhi, na hata katika ujauzito. Mara nyingi wao hawalalamikii kukoroma. Husema wamechoka, hawapati usingizi mzuri, vichwa vinauma, roho imepooza. Wengi huambiwa ni mawazo. Na mtoto anayekoroma kila usiku, analala mdomo wazi na kushindwa kutulia darasani, aangaliwe mafindofindo.

Mkisubiri siku ya daktari, yako mambo yasiyo na hatari: kulala ubavu badala ya chali, kupunguza uzito kwa aliyeuzidisha, kuacha pombe, na kutojipa dawa za usingizi wala dawa za mafua zinazolevya. Anayesinzia mchana asiendeshe gari wala bodaboda.

Mkiletewa mashine na ndugu wa ng'ambo, msiitupe, wala msiivae. Nendeni nayo kwa daktari kama tulivyokwenda sisi kwa kuchelewa. Aipime dozi upya na kuhakikisha ni ya namna inayomfaa mgonjwa. Aangaliwe pia mtengenezaji na namba ya mashine, kwa maana mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudishwa kwa mamilioni ya mashine zake za kupumulia, kwa sababu sponji ya kupunguza kelele iliyomo ndani iliweza kumeguka na chembe zake kuvutwa na mgonjwa. Yetu haikuwa ya kampuni hiyo, lakini hatukuwa tumeangalia. Hilo nalo ni la kumshukuru Mungu.

Mkishaanza kuitumia kwa idhini, msizibe kamwe vitundu vya barakoa. Umeme ukikatika, vueni. Badilisheni chujio, maana hewa yetu ya pwani ina vumbi na chumvi. Kile chombo cha kutia unyevu kisitiwe maji ya kisima, ambayo hapa kwetu yana chumvi, wala yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari. Fundi wetu aliyapendekeza, na katika hilo angalau muuguzi alikataa. Muulizeni daktari au mfamasia maji safi ya mvuke yanapatikana wapi, na yamwagwe kila asubuhi.

Kwa wauguzi wenzetu tuna neno moja. Nyumbani sisi si wauguzi wa zamu. Nyumbani hakuna daktari wa kutuuliza, hakuna faili, hakuna mwenzetu wa kuhakiki dozi. Kile ambacho tusingethubutu kukifanya wodini bila maandishi, tulikifanya kwa mtu tunayempenda kuliko wote, kwa sababu tu tulikuwa chumbani kwetu na mlango umefungwa.

Kama na wewe una barua ya rufaa iliyolala kabatini, itoe leo hii, utazame tarehe yake. Nauli itapatikana. Bwana awalinde ninyi na nyumba zenu, usiku na mchana.